Chuma cha Mdachi Chini ya Baraza

Kitu cha kwanza mtu anachokiona kwa Koplo Tausi ni kofia yake ya kazi. Imebonyea upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, bonyeo la kutosha ngumi ya mtu mzima. Wageni hudhani aliangukiwa na ukuta au boriti. Tausi huwacheka.

"Boriti ina adabu," husema. "Huanguka mara moja ikanyamaza. Hiki ni kipigo cha jirani."

Tausi kazaliwa mtaa wa Makorora, kachezea Makorora, na hata alipovaa sare ya zimamoto hakuhama. Utotoni mwake, mbele ya nyumba ya Mzee Khalifa palikuwa na chuma kifupi chekundu kilichochomoza ardhini. Watoto walikiita chuma cha Mdachi, wakashindana kusimama juu yake kwa mguu mmoja. Wakubwa nao waliamini vivyo hivyo: kwamba ni masalio ya Wajerumani, hakina kazi ila kukwaza wapita njia. Basi baba yake Mzee Khalifa alipofariki, na matanga yakajaza watu wasio na pa kukaa, Mzee Khalifa akajenga baraza ya saruji, pana na laini, ya kumkumbuka marehemu. Chuma kikazikwa humo. Toka hapo wazee wa mtaa wakawa wanakaa juu yake kila alasiri, na birika la kahawa katikati yao.

Tausi alikuja kufahamu kwamba lile lilikuwa bomba la kuzimia moto siku alipofundishwa kufungua bomba la namna hiyo mafunzoni. Aliporudi alimwendea Mzee Khalifa, akampa shikamoo yake, akamweleza.

"Marahaba, mwanangu. Sasa wataka nimvunjie marehemu kiti chake?" Mzee alimpa kikombe cha kahawa. "Haya, huo moto ukija, uambie upite mlango wa nyuma."

Wazee wote wakaangua kicheko. Tausi naye akacheka, maana mkubwa haambiwi neno mara mbili. Akanywa kahawa, akaenda zake.

Moto haukupita mlango wa nyuma. Ulikuja mchana, watu wametoka kuswali Ijumaa, kwa mlipuko uliorusha mabati ya nyumba ya Mwanamkasi, mkabala na baraza ile ile. Mwanamkasi ni mwuza vitumbua. Nusu ya Makorora hufungua kinywa kwa mkono wake, na Tausi hakuwahi kwenda zamu bila kupita kwake. Mtungi wake wa gesi ulikuwa ukivuja, yeye hana habari.

Gari la zimamoto lilipofika, paa la mbele lilikuwa limeshakwisha na moto unaramba nyumba ya pili. Mwanamkasi alikuwa chumba cha nyuma. Hawakumwona, walimsikia. Alikuwa akigonga nondo za dirisha kwa chuma cha kuepulia vitumbua, ngo, ngo, ngo, huku akiita, "Jamani, nafa!"

"Leo mmekuja na maji, au mmekuja kutazama?" sauti ilipigwa kutoka kwenye umati.

Tausi alikunjua mpira wa maji pamoja na mwenzake Sele. Kabla hawajafika mlangoni, mwanamume mmoja aliudaka, akauelekeza kwenye paa lake. "Anzeni kwangu! Nina watoto mimi!" Tausi alimtia kiwiko cha kifua, mwanamume akamrudishia ngumi ya mdomo. Waling'ang'aniana, mpira ukazunguka kama nyoka aliyekanyagwa, maji yakamwagika kwenye mabati yasiyoungua na kwenye kanzu za watu. Kisha mpira ukakohoa, ukalegea.

"Yamekwisha!" alipiga kelele Castory, dereva. "Na gari la pili liko Pongwe, kwenye ajali ya lori!"

"Si niliwaambia? Hawana maji hawa!"

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha gari. La pili lilimpasua Castory juu ya jicho. Kutoka dirishani chuma kiliendelea kugonga, lakini sasa polepole. Ngo. Ngo.

Tausi alitema damu, akaichukua nyundo kubwa garini, akaikabili baraza. Mzee Khalifa alikuwa amesimama juu yake, kanzu imejaa majivu.

"Shuka, mzee wangu."

"Na nyundo hiyo wataka nini?"

"Shikamoo baba, shuka!"

Mzee hakushuka. Tausi alimvuta mkono. Mzee Khalifa akaanguka chini mchangani, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ikabiringika mpaka mtaroni. Umati ulivuta pumzi kwa pamoja. Tausi akainua nyundo, akashusha. Saruji ikapata ufa.

"Amemwangusha Mzee Khalifa!"

Walimrukia. Ngumi za mgongo, teke la goti, kiatu cha uso. Mwanamke mmoja alimvuta koti kwa nyuma. "Huyu kalelewa wapi?" alipiga ukunga. "Si hapa hapa!" akajibiwa. Tausi alishusha nyundo tena, na tena.

Hapo ndipo Mazin, kitinda mimba wa Mzee Khalifa, alipotokea mbio kutoka kijiwe cha bajaji. Hakuuliza. Alichokiona ni baba yake chini na mtu mwenye nyundo juu yake. Alikuwa na chuma cha jeki mkononi. Pigo la kwanza lilibonyeza kofia, na masikio ya Tausi yakajaa mlio. La pili lilitua begani. Mfupa wa mtulinga ulikatika kama ukuni mkavu. Aliusikia kabla hajauhisi. Castory akamvaa Mazin kiunoni, wote wawili wakagaagaa mchangani, mmoja akimtia mwenzake meno.

"Niueni basi!" Tausi alipiga kelele, mkono wake mmoja ukining'inia. "Mkimaliza, mmoja wenu aokote nyundo! Bomba liko humu ndani! Mwanamkasi anaungua!"

Mazin aliinua uso. "Mamkasi yumo ndani?"

Wakati ule ule wote waligundua kwamba ile ngo, ngo imenyamaza.

Mama yake Mazin alifariki mwanawe angali mchanga, na Mwanamkasi, Mamkasi wake, ndiye aliyemlea. Mazin alitoa sauti ambayo hata baba yake hakuwahi kuisikia. Akainyakua nyundo, akapiga baraza ya babu yake mpaka vipande vikawarukia watu usoni. Chuma cha Mdachi kikachungulia, chekundu kama zamani. Castory, damu ikimziba jicho, akaunga mpira na kuzungusha ufunguo. Kimya. Kisha ardhi ikaguguma, yakatoka maji ya kutu, halafu meupe, kwa nguvu zilizowaangusha watu wawili.

Sele alitangulia na maji, Tausi nyuma yake akitambaa kwa magoti. Boriti ilikuwa juu ya miguu ya Mwanamkasi. Sele aliiinua kwa bega. Tausi alipomshika mkono, ngozi ilitoka kama glavu, ikambidi ashike nguo. Wakamburuta hadi nje. Alikuwa hapumui.

"Bonyeza kifua!" Tausi alimwamuru Mazin. "Kwa nguvu! Zaidi! Usilie, bonyeza!"

Jirani alikuja na dawa ya meno ya kupaka majeraha. Tausi aliipiga teke. "Maji matupu, basi!" Aliyeyaleta ni Mzee Khalifa mwenyewe. Alimwaga kahawa, akakinga birika kwenye bomba, akapiga goti na kummiminia Mwanamkasi taratibu, kichwa wazi, midomo ikisoma dua.

Mwanamkasi akakohoa.

Amekuwa hospitalini tangu siku ile, akihamishiwa ngozi ya mapaja mikononi. Mara mbili walidhani wamempoteza. Tausi bado amefunga mkono shingoni, na kofia mpya ameikataa. Mazin alipokuja kuomba radhi, Tausi alimwambia, "Mie nimekusamehe. Kauombe mtulinga." Baraza haikujengwa tena. Wazee hukaa mikekani kulizunguka bomba, na anayelitundikia kofia hugombezwa na Mzee Khalifa.

Jana daktari alisema Mwanamkasi anaweza kurudi mtaani. Leo Mazin ameosha bajaji, ametandika mto kwenye kiti, ameondoka kumchukua tangu asubuhi. Wanawake wameshapika. Tausi yuko mkekani, kofia magotini.

"Huo si mlio wa bajaji?" Mzee Khalifa anauliza.

"Bado, mzee wangu. Hiyo ni pikipiki."

Mzee anaweka kikombe chini bila kukinywa. Wote wanatazama kona ya mtaa.