Mwanamke Aliyekunja Magazeti

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwita mfungwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sebule yetu ya ughaibuni, Scarborough, ilinuka sombe ya majani ya muhogo na makoti yaliyolowa theluji. Dirisha lilizibwa kwa utepe hadi baridi iishe, nami nilijifungia humo nikiandika hotuba ya shule juu ya mke wa rais mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Kitabu cha maktaba kilisema alimsomea mumewe magazeti, kisha akayakunja ili habari aliyotaka aione ikae juu. Wanasiasa walimsikiliza, ingawa hakuwa na kura. Kilisema pia kwamba shamba lao lililimwa na watumwa, na hilo hakulipinga. Niliandika kwamba alikuwa mfungwa wa nyumba yake, nikachana, nikaandika tena. Herufi moja ikipinda, ukurasa mzima ulikufa. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na sebule ile ndiyo iliyokuwa bahari yangu.

Majira hayohayo baba, mchungaji wa kanisa letu dogo la Wakongomani, alitaka kulihamishia Jane and Finch, upande wa pili wa jiji, kwenye ukumbi mkubwa. Wazee wa kanisa, wote wanaume, wangeamua sebuleni kwetu. Mama hakuwa na neno kikaoni. Lakini kina mama wa kwaya, waliosafisha maofisi usiku, walikuja ibadani moja kwa moja kutoka kazini. Kanisa likihama wasingeweza kulifikia kwa basi, na hapa hawakuwa na ndugu wengine.

Jumamosi alfajiri mama alivaa koti, akamwita baba kwa jina langu. "Baba Elia, gari tuliache leo. Twende tukauone huo ukumbi kwa basi."

Tukaenda sote watatu. Kituoni, tukingoja basi la pili, upepo ulitukata masikio. Baba alirukaruka kama mtoto.

"Mama Elia, bado tu?"

"Bado, mchungaji. Na sisi tumelala usiku; kina mama wa kwaya je?"

Baba aliacha kuruka.

Jioni ya kikao, baba mwenyewe alisema kanisa libaki. Wazee wakaisifu hekima yake. Mama akawamiminia chai. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wahenga. Mimi nikakusanya vikombe, nikamfuata.

"Mbona hukusema ni wewe?" nilimuuliza jikoni.

"Nikisema mimi, watabisha. Akisema yeye, wanaitikia amina." Akaniomba nimsomee hotuba. Nilipofika kwenye neno "mfungwa" akanizuia. "Huyo mama, akikunja gazeti, alikuwa anacheka au analia?"

"Kitabu hakisemi."

"Vyote viwili, mwanangu. Andika hivyo."

Sikuweza kulifuta neno lile, wala kuliacha.

Mimi bado naogopa makosa, ila siku hizi nakabidhi kazi ikiwa na kasoro zake. Baba amestaafu. Mama ni mzee wa kanisa, wa kwanza mwanamke. Akikataa jambo, anainua mkono na kulikataa kwa sauti yake mwenyewe. Na watu wakikasirika, wanamkasirikia yeye.