Dereva wa viazi aliyeteremsha boti ya mbio Rungwe

Saa kumi na mbili na ushee asubuhi, Isyonje. Ukungu umelala barabarani kama haujaambiwa kumekucha. Pikapu aina ya Land Cruiser, kijani iliyopauka, imesimama pembeni na magunia ya viazi yamepangwa nyuma mpaka usawa wa paa la dereva. Hilo halimshangazi mtu. Isyonje ni viazi tu, kuanzia Januari mpaka Desemba.

Kinachowashangaza watu ni kilichofungwa nyuma ya viazi.

Ni boti. Yaani boti kabisa, ya mbio, ya njano, pua imechongoka kama inamnyooshea mtu kidole. Imekaa juu ya tela, inang'aa umande, huku juu kwenye baridi ambako maji mengi kuliko yote ambayo watu wamewahi kuyaona mahali pamoja ni ya mto ukifurika.

Wauza viazi wameacha kupanga ndoo. Mmoja anaipapasa ubavuni, halafu anarudisha mkono haraka.

"Jamani, laini! Kama sahani ya udongo."

"Nuhu kahamia Isyonje," anadakia mwenzake, na kicheko kinalipuka.

Mwenye boti hacheki. Ikupa Mwakabanje, miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, amechuchumaa pembeni ya tairi la tela, pua yake karibu inagusa chuma. Ananusa breki.

"Breki ikishika ovyo utaisikia kwa pua kabla hujaiona kwa macho," anasema, anajifuta mikono kwenye kitenge. "Kwa sasa iko poa. Ila kupanda siyo kazi. Kazi inaanza hapa."

Hapa ni juu kabisa. Kuanzia hapa barabara inateremka: Kiwira, Tukuyu, halafu inajimwaga moja kwa moja mpaka kwenye joto la Kyela, mwisho Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Na nyuma ya Ikupa kuna kitu kizito chenye magurudumu ambacho kikiamua kumsukuma, hakuna wa kumsaidia.

"Pikapu hii ndiyo shamba langu, ndiyo jiko langu, ndiyo kila kitu," anasema. "Leo boti ikinishinda nimepoteza vyote viwili, gari na boti. Na mimi mwenyewe juu."

Ikupa alizaliwa Kisondela, kwenye migomba. Udereva kaanza kwa kubeba ndizi za watu, akahamia kwenye viazi, anashusha Kyela, anapandisha mchele. Safari ikiwa nzuri, akitoa mafuta na vijana wa kupakia, anabaki na elfu themanini. Safari ikiwa mbaya anabaki na matope.

Wazo la boti lilimpata akiwa anatapika. Alikuwa anaenda kumwona mdogo wake, Elina, aliyeolewa kijiji cha ng'ambo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, ambako barabara haifiki. Huko unakwenda kwa mtumbwi wa injini, polepole, nusu siku nzima, na ziwa likichafuka unakwenda huku unatubu.

"Nilitapika mpaka nikasahau jina la baba yangu," anasema. "Mbele yangu kulikuwa na mama mjamzito, anaumwa, amelala kwenye magunia ya mihogo. Hana pa kushika. Basi ikapita boti ya watalii. Weee! Ilipita kama imetupwa. Nikainuka na matapishi yangu, nikaitazama mpaka ikaisha. Nikasema, kile kitu nakitaka."

Ndugu walidhani homa. Alipouza shamba lake la chai la urithi, wakajua siyo homa.

Boti alizikuta Uyole, chini upande wa pili wa Isyonje, kwenye yadi ya vyombo vilivyotumika. Mbili, zimefunikwa turubai. Zililetwa kwa ajili ya hoteli fulani ya ziwani ambayo haikufunguliwa, zikakaa kwenye vumbi mvua tatu. Muuzaji, Hosea, kijana mpole wa maneno machache, alivuta turubai la kwanza.

Ikupa anasimulia sehemu hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia kanisani.

"Nyekundu. Ndefu, inapita pikapu yangu. Injini mbili nyuma, kila moja kama jeneza limesimamishwa. Nikashindwa hata kuuliza bei. Niliizunguka tu. Nikajiuliza, binadamu alikaa mahali akachora kitu kama hiki? Imesimama kwenye vumbi, lakini utadhani inakimbia."

Alikuwa na binamu yake, Lutufyo, fundi magari wa Kiwira, mtu asiyeweza kupita kwenye injini bila kuisalimia.

"Dada, hii usiulize maswali," Lutufyo alimwambia. "Hii funga twende."

"Funga wewe. Pikipiki ya mwenye nyumba wako umeifungua tangu Pasaka, imekushinda kufunga."

"Ile inasubiri spea!"

"Inasubiri ufufuo."

Akampigia Elina. Elina hakumaliza hata salamu. "Kuna ya injini mbili? Chukua hiyo hiyo! Watu wa huku wanataka mbio, siyo kubembelezana na mawimbi."

Ikupa akauliza swali analouliza kabla ya kubeba chochote: uzito?

"Tani moja na kilo mia tisa," Hosea alijibu. Kisha akakuna shingo. "Hiyo ni boti yenyewe, mama. Injini bado. Na tela lake. Na mafuta, maana hizi zinakunywa." Akahesabu kwa vidole, akatoa jumla: tani tatu na nusu. Pikapu ya Ikupa, ikiwa tupu, ni tani mbili na kidogo.

Sasa hapo ndipo ilipoingia akili ya Rungwe. Huku milimani mzigo haupimwi kwa namba. Unapimwa kwa mlima. Unapakia, unaupandisha, ukifika juu, mzigo ni saizi yako. Ndivyo wanavyopima ndizi, mbao, mawe ya kujengea, hata mabati ya kanisa. Mtu akikuambia gari lake linabeba kiasi gani, anakutajia kilima.

"Tupime na Isyonje," Ikupa akasema.

Hosea akakubali. Wakafunga ile nyekundu, wakajibana watatu mbele, wakapanda. Pikapu ililia. Moshi mweusi, gia ya pili, mara nyingine ya kwanza, watembea kwa miguu wanawapita wakiwapa pole. Lakini ilipanda! Walipofika juu Lutufyo alikuwa anapiga dashibodi kama ngoma, na Ikupa alimpa Hosea mkono. Biashara imekwisha. Kilichobaki ni kuirudisha yadini, wakamalizane.

Wakageuza. Wakaanza kushuka.

"Mwanzoni nilifurahi, gari limekuwa jepesi," anasema. "Likazidi kuwa jepesi. Nikakanyaga breki, likapungua kidogo, halafu nikahisi kama mtu ameweka mabega nyuma yangu. Nikatazama kioo. Hakuna barabara, hakuna mbingu. Ni pua nyekundu tu imejaa kioo chote. Nikaelewa kwamba siivuti tena. Ilikuwa inanifukuza."

Breki za tela zilikuwa zimeshikwa na kutu kwa kukaa. Tela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, na pikapu nayo ikawa inafuata kiuno. Hosea alishika dashibodi. Lutufyo aliita jina la Yesu, akaliita tena.

Ikupa hakukandamiza breki. Aliurudisha mguu, akaipiga gia ya pili kwa nguvu mpaka injini ikapiga yowe, akauacha usukani unyooke wenyewe mikononi. Kukanyaga, kuachia. Kukanyaga, kuachia. Walifika tambarare, gari likasimama lenyewe kwa uchovu. Harufu ya breki ilijaa barabara nzima.

Alishuka akakaa kwenye majani.

"Dada," Lutufyo akasema, "mimi niliokoka mwaka juzi. Leo nimeokoka tena."

Hosea akasema, "Hii siuzi tena kwa mtu wa pikapu. Hata akinilazimisha."

Ikupa ndipo akaanza kucheka, kicheko cha machozi. "Miaka yote napima mzigo kwa kupanda," anasema sasa. "Sasa mimi naipeleka boti wapi? Ziwani. Ziwa liko chini! Mimi nikapima kupanda, wakati safari karibu yote ni kushuka."

Kabla ya kuondoka yadini aliirudia ile nyekundu. Akaweka kiganja kwenye pua yake, akakaa hivyo muda. Iliyokaribia kumuua. Anasema alikuwa anaiogopa, na bado aliona hajawahi kugusa kitu kizuri kama kile.

Halafu akamwambia Hosea avute turubai la pili.

Ya njano ilikuwa fupi, injini moja, ya mbio vilevile lakini nyepesi. Safari hii hawakuwa na haraka. Lutufyo alitembea nayo toka mbele mpaka nyuma akiigonga sakafu kwa mpini wa spana, sikio chini. Ko, ko, ko. Alipofika karibu na injini sauti ikabadilika, ikawa du, kama kugonga gunia.

"Imekunywa maji," akasema.

Ndani ya sakafu ya boti hizi kuna sponji, na turubai lilikuwa limetoboka. Mvua tatu zimeingia humo zikatulia. Hosea mwenyewe alileta drili. Walipotoboa kwa chini maji yalitoka ndoo baada ya ndoo, meusi, mpaka jirani wa yadi akaja kuuliza kama wamepasua bomba. Sponji lililooza walilitoa kwa mikono. Boti ikaachwa juani ikauke, matundu yakazibwa, na bei ikashuka bila kugombana.

Kisha wakaomba mzani wa magari kwenye ghala moja la parachichi. Boti, injini, tela, tanki limejaa: tani moja na nusu. Lutufyo akazifungua breki za tela, zile zinazojikamata zenyewe tela likianza kulisukuma gari, akazisafisha mpaka zikang'aa. Boti wakaisogeza mbele kidogo juu ya tela, maana injini yote iko nyuma, na tela likielemea nyuma linainua mkia wa gari na kuanza ule mchezo wa kutikisika.

Na viazi? "Viazi vinatuliza pikapu," Ikupa anasema. "Gari tupu mbele ya tela ni kama mtoto kashika ng'ombe. Nikipakia, tela linakuwa jepesi kuliko gari. Na Kyela wanakula chips, sipeleki bure."

Basi ndiyo hii asubuhi ya Isyonje. Ikupa anapanda, Lutufyo anajikunja pembeni yake, Ikupa anaweka gia ya pili kabla hata mteremko haujaanza. Wanaondoka polepole, na boti ya njano inazama kwenye ukungu nyuma ya viazi.

Kiwira watu wanatoka kwenye migahawa na vikombe mkononi. Tukuyu ndiyo usiseme. Soko linasimama. Mama mmoja mtu mzima, jembe begani, anaingia barabarani kabisa, Ikupa inabidi asimame.

"Ndaga, mwanangu," anasalimia kwa Kinyakyusa. "Gali hili lina mlango wapi?"

"Siyo gari, mama. Ni la majini."

Mama anaitazama kuanzia pua mpaka kwenye pangaboi. Anazunguka, anarudi. "Na maji yenyewe yako wapi?"

"Nayafuata."

"Basi nenda," mama anasema, anapisha njia kwa heshima kama inapita harusi. "Yasikukimbie."

Baada ya mji, chai. Mashamba yamekatwa sawasawa kama zulia, wachumaji wamesimama na vikapu mgongoni, wote wamegeuka upande mmoja. Boti inaelea juu ya ule ukijani, tela halionekani, ni kama chai imegeuka ziwa. Lutufyo anasema, "Ona, dada," na Ikupa anasema, "Sioni kitu, naendesha." Lakini kioo anakitazama.

Ndipo bodaboda mbili zinamvamia. Abiria wa moja amegeuka nyuma anapiga video, na dereva naye amegeuka kuangalia. Wako mbele ya pikapu kabisa, kwenye kona, lami imelowa, mteremko mkali. Wanapunguza mwendo wapate picha nzuri.

Ikupa anakanyaga.

Uzito unakuja. Anausikia mgongoni, uleule, mabega yaleyale. Lutufyo amefumba macho. Halafu nyuma kuna mlio mfupi wa chuma, krii, na tela linajishika lenyewe, kama mtu kamshika mwenzake kiuno asianguke. Pikapu inatulia. Haitikisi mkia. Bodaboda zinatoweka kwenye kona, hata hawajajua.

"Umeona?" Ikupa anasema.

"Nimesikia," Lutufyo anajibu. "Kuona sikutaka."

Alasiri wako Matema, viazi vimeshauzwa, watu wa ufukweni wamejaa. Elina analia na kucheka. Mumewe Enosi, nahodha wa mitumbwi tangu ujana, anaikagua boti, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kumwona mtoto mchanga.

Ikupa anarudisha nyuma taratibu mpaka tela linaingia majini. Enosi anafungua mikanda. Boti inayumba, inanyanyuka, inajitoa. Nyuma ya pikapu springi zinainuka, gari linashusha pumzi.

Mpango, Ikupa anasema, ni abiria kila siku ya gulio, na wagonjwa saa yoyote watakapoita. Enosi ataendesha. Jaketi za kuokolea zimeshanunuliwa, na hakuna atakayepanda bila kuvaa, hata awe mchungaji. Baadaye Ikupa atasomea leseni ashike usukani mwenyewe. "Ila kwanza kuogelea. Mimi mtu wa Kisondela, maji yangu mwisho magotini."

Anavua viatu, anaingia hayo hayo ya magotini. Anaweka kidole kimoja kwenye ubavu wa boti, anaisukuma. Inaenda. Inaenda kabisa, bila sauti, inaelekea kwenye maji ya buluu, mpaka Enosi inabidi adake kamba.

Watu wanaongea, wanapiga picha. Ikupa hawasikii. Anakitazama kile kidole.

"Tani moja na nusu," anasema.