Mikono ya Dada Yangu Kwenye Video

Miaka ile ya tisini nilikuwa najiona sana. Nilikuwa nimerudi Garissa kutoka Nairobi na kozi fupi ya kupiga video, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha jambo moja lililonilevya: picha mbili zikifuatana, mtazamaji huzaa ya tatu kichwani mwake mwenyewe. Onyesha uso wa mtu, kisha sahani ya wali, na kila mtu ataapa kwamba yule ana njaa.

Mwimbaji mmoja wa pale mjini akataka video ya wimbo wake wa mapenzi. Nilimpiga picha akiwa ameketi kando ya mto Tana, amenyoosha mkono kupokea kikombe. Msichana wa kumpa kikombe hakupatikana, maana nani angemtoa binti yake? Nikamwendea dada yangu mdogo, aliyekuwa ameshaposwa na kijana wa Takaba. Nikamwambia nitachukua mikono tu, yenye hina, ikisogeza chai. Uso hautaonekana, nani atamjua? Alicheka, akakubali. Tulipiga uani kwetu wiki moja baadaye, mama akichagua mchele pembeni.

Nikaunganisha vipande kwa deki mbili za video, moja ikicheza, nyingine ikirekodi. Mkono wa dada unasogeza kikombe, mkono wa mwimbaji unakipokea. Hakuna aliyeona palipokatwa. Nilijisifu mno, hata naona haya kusema.

Kanda ikapanda malori ya wafanyabiashara, ikafika Takaba. Mama wa yule kijana hakuhitaji kuona uso. Aliitambua bangili ya fedha aliyomvisha dada yangu kwa mkono wake siku ya posa. Mimi, fundi wa picha, bangili sikuifikiria kabisa. Posa ikavunjwa.

Nilisafiri hadi Takaba na kanda mbili za mwanzo, zile ambazo hazijakatwa, nikamwomba baba wa kijana azitazame. Huku mto, huku uani kwetu, siku tofauti. Hawa wawili hata hawajawahi kuonana. Mzee alitazama kwa subira mpaka mwisho.

"Adeer," akaniambia kwa upole, akiniita kama mtoto wa ndugu yake, "kumbe unajua kuwakutanisha watu ambao hawajakutana. Basi kuwatenganisha waliokutana kutakushinda?"

Nilichukua kanda zangu, nikarudi Garissa.

Mwaka uliofuata dada aliolewa Hulugho, mke wa pili wa mzee mwenye ngamia wengi. Asubuhi ya kuondoka nilimwomba radhi tena, kwa kuwaaibisha wazazi, kwa kuharibu jambo lililopangwa na wakubwa. Alimaliza kwanza kufunga sanduku lake.

"Abboowe, kaka yangu," akasema, "mimi yule kijana nilikuwa nampenda."

Nilikuwa nimezunguka kote kuwaeleza wazee habari za picha. Yeye sikuwahi kumuuliza.