Kura ya Mwenyekiti

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza kando ya mto Ruiru ndiyo iliyotuamsha asubuhi, na nikiikumbuka humwona mama akipanda mteremko na debe la maji mgongoni. Kijiji chetu kilikuwa kimengoja bomba kwa miaka. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mjumbe wa baraza la wilaya kule Thika, na mwenyekiti wa baraza siku zote alikuwa mkuu wa wilaya, mzungu. Alikuja mmoja, akahamishwa, akaja mwingine. Baba alisimulia kwamba mmoja alikuwa mpole, mwingine alisinzia, ila wote walifika mkutanoni uamuzi ukiwa tayari mfukoni. Kisha, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, serikali iliwaruhusu wajumbe wajichagulie mwenyekiti, wakamchagua baba. Akina mama wa kijijini walikuja kutupongeza na vikapu vya viazi, wakisema sasa maji yamefika.

Katika mkutano wake wa kwanza palikuwa na bomba moja tu la kugawa: lije kwetu, au liende Kamenu, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, wengi wao kutoka magharibi mwa nchi, ambako watoto walikuwa wakiugua homa ya matumbo. Kura zililingana. Ikabaki ya mwenyekiti, na baba akaipigia Kamenu.

Alitueleza mwenyewe jioni hiyo, kabla hata ya kuvua koti. Mama aliweka mwiko chini.

"Umewapa wageni maji, Baba Wanjiru," alisema polepole. "Sisi umetupa nini?"

"Ningewapa ninyi, wangesema kiti kimetoka kwa mzungu kikaja kukaa jikoni mwetu. Na watoto wao wanakufa."

"Na mgongo wangu?"

Kulipopambazuka baba alifunga madebe mawili kwenye baiskeli, akaenda mtoni kabla ya kwenda shuleni, na akafanya hivyo kila siku. Wanawake waliokuwa wakichota walimpisha bila kumsalimu, nami niliona aibu nisiyojua ni ya nani. Uchaguzi uliofuata watu wetu walimwondoa barazani. Bomba lilikuja baadaye, chini ya mwenyekiti mwingine. Mama alichota maji ya kwanza, akampelekea baba kikombe, akasimama hapo mpaka alipomaliza kunywa.

Sasa naishi Mwiki, pembezoni mwa Nairobi, na mifereji yetu hukauka wiki nzima huku kwa wakubwa maji yakitiririka. Majirani zangu vijana hawashangai. Wanasema mtu hutafuta kiti ili ale, basi. Huwasimulia habari za baba, nao husikiliza kwa heshima, halafu huuliza mama alisemaje. Nami huwaambia yote, bila kumpunguzia mama hata neno.