Okumu wa Getini na Magari Yasiyo na Sauti

Pale chuoni, chuo kile cha ufundi kilichojibanza upande wa Donholm, kila mtu alijua kwamba Okumu wa getini ana macho ya mwewe. Gari lingali mbali, halijachomoza hata pua kwenye kona, mzee ameshasimama, ameshika kamba ya ule mti wa kuzuia magari, na salamu iko mdomoni. Karibu Mwalimu Nangila, leo umechelewa. Na kweli ni Mwalimu Nangila, na amechelewa. Watu walicheka wakapita, wakisema Mungu alipogawa macho huyu alipanga foleni mara mbili.

Macho gani, jamani? Okumu alikuwa haoni. Sisemi alikuwa kipofu kabisa, la. Mwanga aliuona, na mtu akipita aliona umbo lake, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Lakini sura na namba za magari zilikuwa zimemuaga zamani. Alichobaki nacho ni masikio. Gari la mtu wa mikate, Probox kuukuu, lilikohoa likipanda tuta. Gari la mkuu wa chuo lilikuwa na mkanda uliolia kila asubuhi injini ikiwa baridi. Wageni wa kuandikishwa aliwaachia Awiti, askari mwenzake, akijidai kwamba mwandiko wake ni mbaya. Alidanganya mchana kweupe na hakuna aliyemshuku.

Utauliza kwa nini hakusema. Mama yake alipasuliwa macho zamani huko nyumbani, akarudi na giza tupu, akaishi kwa kushikwa mkono mpaka alipozikwa. Aliyekuwa akimshika mkono huo ni Okumu, angali kijana. Kwa hiyo alijua: akifungua mdomo, ama atapelekwa kwenye kisu, ama atatolewa getini akae nyumbani kama mzigo. Akanyamaza. Alimficha hata mkewe Phelister kule walikoishi Njiru, au ndivyo alivyodhani, maskini.

Basi yakaja magari ya stima. Mwanzoni yalikuwa mawili tu, na palikuwa na mahali pamoja tu pa kuyachajia, kando ya maktaba. Okumu aliyavumilia. Kisha chuo kikaamua kupanua mambo. Mitaro ikachimbwa kutoka maktaba hadi uwanja wa mpira, nyaya zikalazwa, mashine za kuchajia zikasimamishwa safu nzima, na walimu waliokuwa wakisitasita wakaanza kununua magari hayo mmoja baada ya mwingine. Hata pikipiki za stima za watu wa mtaani zikakaribishwa.

Aliyesimamia kazi hiyo ni fundi mmoja anayeitwa Lela, binti wa Pumwani, mwenye kigari chake cha stima. Kila akifika getini alishusha kioo na kumwamkia mzee shikamoo. Okumu alimpenda kwa hiyo shikamoo. Siku hizi mtoto hajaota meno vizuri anakuambia niaje.

Lakini hayo magari! Yalikuja kimya kama paka anayenyemelea nyama. Siku moja gari lilisimama mbele yake hana habari, mpaka aliposikia kioo kikishuka. Akabahatisha. Akadhani mtu wa mikate hatimaye amenunua gari la maana, akamuuliza kama leo amebeba iliyokatwa au nzima. Aliyekuwa ndani ni mkuu wa chuo, na gari lake jipya la stima. Mkuu akacheka sana, akidhani anataniwa. Okumu naye akacheka, akavuta kamba haraka. Tangu hapo alikuja kazini na hofu na kurudi nyumbani na hofu.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Lori la mchanga liliingia likinguruma, likapita. Okumu akasikiliza nyuma yake, hakusikia kitu, akaachilia kamba. Mti ukashuka, na chini yake alikuwa Lela ndani ya kigari chake. Kioo cha mbele kilipasuka kwa kishindo. Mzee alibaki amesimama pale pale, hajui aliyeumia ni nani, hajui hata akimbilie upande gani, mpaka aliposikia sauti ya yule binti ikisema yuko salama, ni mkwaruzo tu kwenye paji la uso.

Kimani, mkuu wa usalama, alifika akihema. Kabla hajauliza mtu yeyote, Lela akasema kosa ni lake, alikuwa na haraka, akajipenyeza nyuma ya lori bila kungoja ishara. Kimani ni mtu wa sheria, hana mchezo. Akasema basi asiingize gari humu tena, na mwajiri wake ataarifiwa. Lela akajibu kwamba ni sawa.

Nakwambia ukweli, Okumu alitamani sana kunyamaza. Mambo yalikuwa yamejimaliza yenyewe. Angerudi kwenye kiti chake na kungoja Probox ikohoe. Lakini alisikia vile binti alivyosema sawa, kwa sauti ndogo, akaona aibu.

"Kimani, mwache," akasema. "Mimi sioni."

Kimani alidhani mzee anamtetea tu, akamkumbusha kwamba chuo kizima kinamjua kwa macho yake.

"Ni masikio. Niulize shati ulilovaa ni la rangi gani."

Kimani hakuuliza. Alimshika mzee kiwiko, akamketisha, akasema geti litamngoja, ila kwanza aende hospitali.

Lela ndiye aliyempeleka. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na huondolewa kwa upasuaji. Hapo ndipo Okumu alipopata kazi ngumu kuliko yote: kumwambia mkewe. Phelister alikuwa akichambua mboga. Hakuacha kuchambua. Alisema alijua tangu siku ile aliposifiwa gauni la kanisani naye amevaa la jikoni.

"Na ukaninyamazia?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe, Baba Elsie. Kwani unafikiri nilikuwa nakusindikiza hadi steji ya matatu kila asubuhi, eti nafuata mboga, kutafuta nini? Mboga si ziko hapa mlangoni?"

Okumu akalia. Akamwambia anaogopa, hataki kurudi kama mama yake. Phelister akafuta mikono kwenye leso, akaja kukaa karibu naye. "Ukirudi na giza, mimi nitakushika mkono," akasema. "Lakini twende."

Walikwenda. Jicho la kwanza likapasuliwa, likafunikwa bandeji, na usiku kucha mzee aliomba bila maneno. Asubuhi muuguzi akaibandua polepole, akamwambia afungue. Mwanga ulimchoma, machozi yakatoka. Kisha akaona dirisha. Akaona kitanda, na kando yake mwanamke amekaa, kichwa kimejaa mvi, mashavu yameingia ndani.

Phelister aliona jinsi alivyokuwa akitazamwa. Akainua kiganja, akajifunika uso, akasema kwa kicheko cha haya kwamba asimwangalie, amezeeka.

"Toa mkono," Okumu akamwambia. "Miaka hii yote nimekaa na yule msichana wa zamani huku kichwani. Nataka kumwona huyu aliyenisindikiza."

Phelister akatoa mkono.