Nakala Tatu za Dalmas Owino

Dalmas Owino alikuwa na kazi ambayo majirani zake katika landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, hapo Nakuru, hawakuielewa. Baba yake alitia makaa kwenye injini za treni mpaka kifua kikamshinda. Yeye alilipwa kusoma. Alikaa chumba cha nyuma cha kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, akapitia miswada, kisha akaandika taarifa ya ukurasa mmoja: uzuri juu, kasoro chini. Mama Anyango wa nyumba ya pili alipenda kumtania kwamba ndiye mwanamume pekee mjini anayetoka jasho akiwa ameketi.

Mwaka huo wa 1954 jasho lilikuwa la kweli. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa katika mwaka wake wa pili, na taarifa zilipigwa taipu karatasi tatu kwa mpigo mmoja, kaboni katikati. Moja ilikwenda kwa mchungaji msimamizi, moja kwa mwandishi pamoja na mswada wake ili arekebishe, moja bomani, kwa mkuu wa wilaya. Hukuweza kumwambia mmoja neno ukamficha mwenzake. Msomaji mwenzake, aliyekalia kiti cha pili, alisifu shairi fulani kuhusu ardhi. Alichukuliwa na askari siku ya Jumanne, akiwa bado hajamaliza chai.

Mwezi wa Julai ukaja mswada kutoka Molo, umeandikwa kwa mkono katika madaftari ya shule. Mwandishi alikuwa Mwalimu Chepkemoi, mama wa makamo aliyefundisha darasa la tatu. Hadithi zilikuwa tisa, kila moja na aina yake: ya sungura na fisi, ya mzimu wa mlima Longonot, ya mapenzi, ya upelelezi ndani ya behewa la mizigo. Dalmas alizisoma kwa utulivu. Mzimu ulisema maneno mengi mno. Mpelelezi alimjua mwizi kabla mali haijaibwa. Lakini watu waliongea kama watu wa bondeni wanavyoongea, na baridi ya Molo ulihisi inakuuma vidole.

Kisha akafika ya sita.

Ilihusu mwanamke wa shamba la mzungu ambaye mumewe anapandishwa lori la askari asubuhi. Hakuna anayeeleza sababu. Mwanamke anarudi shambani, anachimba viazi vya mstari wake, kisha anachimba vya mstari wa mumewe, nyapara asije akaona pengo. Kurasa nane, na hakuna aliyelia. Katika miaka sita ya kazi hiyo, Dalmas hakuwa amesoma kitu kizuri kama hicho. Alilifunga daftari akatazama mlangoni.

Alimwendea mchungaji, akauliza kwa kuzungukazunguka kama bomani wanasoma mswada wote. Mchungaji hakuinua macho.

"Madaftari yote hayo? Hawana nafasi, Dalmas. Wanasoma unachosifu."

Siku mbili hakula vizuri. Kila lori lililopunguza mwendo barabarani lilimpeleka dirishani. Akiisifu hadithi ile, mama wa watu angechukuliwa, na yeye nyuma yake. Akinyamaza juu yake, wangeuliza kwa nini ya sita imerukwa. Siku ya tatu akapanga karatasi na kaboni. Juu aliusifu upelelezi mpaka akaona haya. Chini aliandika: "Hadithi ya sita ni maelezo marefu ya kuvuna viazi. Inachosha. Inaweza kuachwa ilivyo."

Hila ilifaulu. Wiki tatu baadaye karani wa bomani alileta kibali cha hadithi zote tisa, akaketi kwenye benchi kungoja sahihi ya mchungaji. Saa hiyo hiyo Mwalimu Chepkemoi akaingia, koti limelowa, akampa Dalmas mswada uliosahihishwa. Ulikuwa mwembamba.

"Nilisoma nakala yangu ya taarifa, Bwana Dalmas," alisema. "Nilikuwa nadhani ile ya viazi ndiyo ya maana. Kumbe mtu hawezi kujipima."

Dalmas akamuuliza iko wapi.

"Niliwasha nayo jiko. Nimebakisha karatasi mbili tu za mwisho, zilikuwa tupu kwa nyuma. Watoto wanafanyia hesabu."

Alikuwa akitabasamu, kama mtu aliyekubali kukosolewa na anayetaka ionekane. Dalmas alifungua mdomo. Alitaka kumwomba karatasi hizo mbili. Alitaka kumwambia akae chini, hapo hapo, aiandike upya kabla haijamtoka kichwani. Karani aliacha kuchezea kofia yake, akamwangalia.

"Ulifanya vizuri, Mwalimu," Dalmas akasema.

Kitabu kilitoka Desemba kikiwa na hadithi nane, ile ya upelelezi ikiwa mwanzo. Kilinunuliwa sana, hasa na wafanyakazi wa reli, na Mwalimu Chepkemoi hakuandika kingine.