Chumba cha Sponji

Fundi wa makochi hakuwa mtu wa maneno. Ukimletea kochi lililochoka atalizunguka, atalibonyeza, ataguna, kisha atakutajia siku ya kulifuata. Ukitaka porojo unakwenda kwa jirani yake, fundi simu, anayeweza kukubadilishia kioo huku akikusimulia ugomvi wa mtaa mzima. Watu walishangaa domo zege kama huyu alimpataje mke mwenye ulimi kama Mwalimu. Akiulizwa, alicheka tu: "Yeye ndiye aliyenitongoza. Mimi nilikubali."

Mkewe huyo, Mwalimu, alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi. Nusu ya mtaa ule ilijifunza kusoma kwa sauti yake, na mpaka leo wapo watu wazima, wenye ndevu zao, ambao wakimwona huficha jojo wanayoitafuna chini ya ulimi. Hata alipostaafu, kibaraza chake hakikukosa wazazi. Huyu mwanawe anachanganya herufi, yule wake akiona kitabu analia. Mwalimu aliwasikiliza, akawatania, akawaonyesha la kufanya, wakaondoka wamejaa matumaini.

Kisha presha ya macho ikaanza kumla nuru, kutoka pembeni kuja katikati, taratibu, mpaka siku moja akaisalimia kwa heshima zote sanamu ya dukani iliyovalishwa gauni. Watu walicheka, naye akacheka nao. Alipofika nyumbani akafunga mlango. Tangu hapo wazazi wakija alimtuma mumewe akaseme amelala.

Macho yenyewe fundi alishayakubali. Daktari aliwaambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Kilichomtisha ni ukimya. Nyumba iliyozoea maneno tangu asubuhi sasa ilisikia vijiko tu. Alimwona mkewe anamponyoka hivi hivi, amekaa kwenye kiti kile kile, na yeye, anayefufua kochi lolote, hakujua aanzie wapi.

Siku moja mama mmoja alifuata stuli zake akiwa na kidude sikioni, anacheka peke yake. Fundi akamwonea huruma, akidhani akili zimeruka. Mama akamweleza kuwa ile ni podikasti: watu wamekaa, wanaongea, wamejirekodi, na wewe unawasikiliza huku unafua.

"Kwani hawaonekani?"

"Waonekane wa nini, baba? Ni sauti tu."

Fundi akatema misumari aliyokuwa ameibana midomoni. Sauti mkewe alikuwa nayo, tena ya kuwagawia majirani. Akamfungia mama yule stuli zake harakaharaka, akachungulia kidogo kwenye simu yake, akavuka kwenda kwa fundi simu.

"Nataka kuanzisha podikasti."

Fundi simu akaweka bisibisi chini. "Wewe?"

"Mwalimu."

"Aa, shemeji! Hapo sawa. Maana wewe kaka, nani ataweka bando asikilize mtu anaguna?"

Fundi akakiri kwamba alishachungulia mtandaoni, akaona maikrofoni kubwa kama kopo la maziwa, na mashine yenye vitufe kama vya rubani. Alikuwa anafikiria kuuza cherehani yake moja.

"Cherehani iache ilipo," fundi simu akasema. "Simu si unayo? Basi kinasa sauti unacho. Chukua hiki kimaikrofoni cha kubana kwenye kola, kina waya, hakina habari ya kuchaji. Hiki kisponji cha juu kinazuia pumzi isipige pu-pu-pu. Programu ya kurekodi ni ya bure, ya kukata makosa nayo bure. Hedifoni hata kuukuu zinafaa, mradi zifunike masikio, usikie kilichoingia kabla hujawatumia watu."

"Na mtu akipiga katikati?"

"Weka hali ya ndege. Sasa nisikilize, kaka. Sauti haiharibiwi na simu, inaharibiwa na chumba. Kuta tupu zinairudisha, unasikika kama umedumbukia kwenye tangi. Tafuta vitu laini, mapazia, magodoro, vitambaa. Na asiyeongea awe kimya. Kimya kabisa, hata kukohoa marufuku."

Jamani, umwambie fundi makochi atafute vitu laini! Afadhali ungemwambia mlevi aonje kidogo. Fundi alikuwa na mabaki ya sponji ya kujaza magunia, na gundi, na mikono iliyokuwa inawasha kwa kutaka kumfanyia mkewe jambo. Akaingia kwenye chumba cha binti yao aliyeolewa mbali, akabandika sponji kuta zote, akapanda juu akabandika dari, akaziba dirisha, akauvalisha mlango kama anavalisha kiti cha bwana harusi. Sakafuni akatandika zulia juu ya zulia. Kwa mguu wa kochi lililokufa akachonga kishikio cha simu. Alipomaliza akapiga makofi kujaribu, na makofi yakafia hapo hapo mikononi. Akatabasamu peke yake.

Kumshawishi Mwalimu ilikuwa kazi nyingine. Kwanza alikataa. Kisha akasema yeye si kikaragosi cha redio. Mwisho akasema, "Nitajaribu mara moja tu, ili uache kuniganda."

Fundi akamwingiza, mkono wake begani, akamkalisha, akambana kimaikrofoni kwenye kola, akafunga mlango. Akabonyeza, akarudi kwenye stuli yake, akanyamaza kama alivyoagizwa.

Mwalimu akafungua kinywa. "Wazazi wenzangu..." Akasita. Akageuza uso huku na huku. "Ukuta uko wapi?"

Fundi kimya. Kinarekodi.

"Ukuta uko wapi, Fundi? Mlango uko wapi?" Akanyanyuka, akaikumba meza, simu na kishikio chake vikaanguka. "Nitoe humu! Umenizika, wewe! Nitoe!"

Alimtoa mbio. Barazani Mwalimu alilia kwa hasira, na katikati ya kilio ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nyumba hii naiona kwa kuisikia. Nikikohoa najua kabati liko hapa, mlango uko wazi, wewe umesimama pale. Mle ndani nimeongea, hakuna kilichonijibu. Nilidhani na masikio yamekwenda."

Fundi alijisikia vibaya, vibaya sana. Wamelala kitanda kimoja miezi yote hiyo na hakujua. Hakuambiwa, ni kweli, lakini pia hakuuliza. Kuguna si kuuliza. Badala ya kumwambia hivyo, akainuka akarudi chumbani akaanza kubandua.

Sponji iliyogandishwa na fundi wa kweli haibanduki kirahisi. Ilitoka vipande vipande, ikiacha madoa ya gundi kama ugonjwa wa ngozi, na kila kipande kilipochanika kilitoa mlio hadi barazani. Alikuwa katikati ya ukuta wa pili aliposikia mtu amekohoa mlangoni. Mwalimu alikuwa amesimama, kiganja kwenye fremu, kichwa amekiinamisha upande.

"Bandua hicho cha kushoto," akasema. Fundi akabandua. Akakohoa tena. "Dirisha pia, nisikie nje. Cha nyuma ya mlango kiache. Ngoja. Hapana, kiache. Dari yako ibandue yote, inanikalia kichwani."

Wakaenda hivyo alasiri nzima, yeye akikohoa na kuamuru, mumewe akipanda na kushuka, jasho linamtiririka. Fundi simu alichungulia, akashika kichwa: kazi yote ile, halafu mnaurudisha mwangwi! Mwalimu akamwambia mwangwi huo ni wake, kama yeye haupendi akatafute wa kwake. Fundi alisikia jibu hilo akajua mkewe yu njiani kurudi. Vikabaki vipande viwili vya sponji, zulia moja, na pazia la dirishani.

"Haya, niwekee hicho kidude," Mwalimu akasema.

Safari hii alianza vizuri. Aliwaambia wazazi kuhusu mtoto anayechanganya b na d, kwamba si mjinga wala si mkaidi, ni mkono wake tu haujaamua tumbo la herufi likae upande gani. Akawaambia wamchoree kwenye mchanga, wasimpige. Sauti ilitoka imejaa, ile ile ya kibarazani. Fundi alibana pumzi kwenye stuli yake, anatabasamu.

Kisha ikaanza kusinyaa. Sentensi zikawa fupi, zikawa na mapengo. Maisha yake yote Mwalimu alifundisha akiangalia macho ya watoto. Asiyeelewa alimjua kwa paji la uso. Sasa alikuwa anayatupa maneno mbele, hajui kama yuko wa kuyadaka. Sekunde za simu zikaendelea kuhesabu.

"Fundi," akasema taratibu. "Upo?"

Fundi akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo. Akaitazama simu. Akakumbuka alivyoagizwa, asiyeongea awe kimya. Akatikisa tena.

"Nasikia shingo yako inakwaruza kola," Mwalimu akasema. "Usinitikisie kichwa, mume wangu. Sikuoni. Sikuoni tena. Sema."

Fundi akavuta stuli mpaka magoti yao yakagusana. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwa jirani.

"Nipo. Nipo hapa, mke wangu. Nimeelewa mpaka kwenye tumbo la b. Endelea."

Mwalimu akampapasa goti, akakiacha kiganja hapo hapo, akaendelea na d.